Majina Kumi na Manne Ndani ya Mashini Iliyokufa

Jua halijapanda hata kiganja kimoja juu ya mabati ya soko la Kasongo, na Régina Nabintu tayari ameelekeza paneli yake ndogo upande wa mashariki. Anaipangusa umande kwa upindo wa kitenge. Anarudi nyuma ya meza, anafungua kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka pembeni, anachomeka kle.

Kle ndivyo watu wa hapa wanavyoita flashi. Hii ni nyeusi, imefungwa uzi mwekundu shingoni ili isipotee kati ya zile zingine mbili.

"Mama Cadette, leo tena unazalisha?" anaita Junior, dereva wa pikipiki, hata kabla hajashusha mguu chini.

"Nazalisha. Na wewe ngojea kama baba wa mutoto, usinikoroge."

"Mimi niko na saba tayari. Huyo utamulea mwenyewe!"

Wauza samaki wa meza ya jirani wanacheka. Régina hacheki, ila kona ya mdomo inasogea kidogo. Macho yake hayabanduki kwenye mstari wa kijani unaotambaa juu ya kioo kama jongoo. Mstari ukifika mwisho, flashi ya kawaida itakuwa imegeuka kuwa flashi ya kuwashia. Ukiichomeka kwenye kompyuta iliyokufa, ukabonyeza kitufe kinachotakiwa kwa haraka inayotakiwa, mashini inaamka kwa nguvu ya flashi, si kwa nguvu yake yenyewe. Hapo ndipo fundi anapoweza kuiwekea mfumo mpya, au kuingia ndani kutazama kilichosalia.

Mara nyingi watu wanataka lile la kwanza. Régina siku hizi anaanza na la pili.

Ana miaka thelathini na mitatu. Alifika Kasongo miaka minane iliyopita kutoka upande wa Walungu, na mume aliyekuwa akiwauzia wachimba dhahabu petroli kwa chupa. Mume alikwenda Kalemie kutafuta samaki wa kuuza, akaoa huko. Régina alibaki na binti yao Cadette, mtoto wa kunyonya wakati huo, na sufuria mbili.

Ufundi aliupata katika masomo ya jioni, kwenye ukumbi wa parokia: kompyuta nne, wanafunzi thelathini. "Mimi nilikuwa nakaa nyuma na mutoto mugongoni," anasema. "Mwalimu akisema 'bonyeza', nilikuwa nabonyeza hewa. Nilijifunza kwa kuangalia vidole vya wengine."

Kazi yenyewe ni ya subira. Mfumo mmoja una uzito wa gigabaiti tano, na intaneti ya simu hapa inakula pesa kabla ya kuleta kitu. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache Régina hufunga kle tupu katika plastiki na kumkabidhi dereva anayekwenda Kindu. Huko inajazwa. Inarudi baada ya majuma mawili, ikirudi. Hiyo inakuwa kle mama, na kutoka kwake zinazaliwa nyingine zote.

Kufufua mashini moja anatoza faranga elfu kumi na tano. Juma zuri lina mashini tatu. Juma baya lina maswali tu.

Na kle zenyewe ni mtego. Sokoni zinauzwa zimeandikwa gigabaiti sitini na nne, kumbe tumboni ni nane. Inakubali kila unachoilisha, haisemi imeshiba, mpaka siku unapoihitaji. Mwaka wa kwanza wa kazi, Régina alitumia kle ya namna hiyo kwenye kompyuta ya shule moja. Mfumo mpya ulianza kwa kufuta wa zamani, kama unavyofanya siku zote. Ulipofika katikati, ukakosa vipande vyake. Huku kumefutwa, huku hakujajengwa. Pointi za mihula miwili zilikuwa zimekwenda.

"Wanafunzi mia mbili na kumi na wawili walirudilia mitihani kwa ajili yangu," anasema, na bado anashusha sauti. "Mwalimu hakunitukana. Alikaa tu. Afadhali angenitukana."

Tangu siku hiyo alijiwekea sheria: asifute mashini ya mtu kabla hajaingia ndani kuokoa kilichomo. Kwa ajili hiyo ana kle ya pili, ile ya uzi mwekundu. Ndani yake mnakaa mfumo mzima wa bure, mdogo, unaofanya kazi bila kugusa chochote kilichoandikwa kwenye diski. Unaingia kama mwizi mwenye adabu: unaona vyote, hauvunji kitu.

Hiyo ndiyo kle aliyokwenda nayo Lusangi mwaka jana, msimu wa mvua.

*

Kabla ya Lusangi, ni lazima kumtaja Pitchou.

Pitchou ni kitinda mimba wa kwao, ana miaka ishirini na miwili. Aliacha shule mwaka wa nne wa sekondari, akamfuata dada yake Kasongo. Alimbebea betri, akamchekesha Cadette, akachoka kula jasho la dada. Siku moja akasema anakwenda kwenye dhahabu, miezi miwili tu.

Ujumbe wake wa mwisho kwa dada mkubwa, yaya kama wanavyosema huku, Régina hajaufuta. "Yaya, niko upande wa Lusangi. Shimo iko muzuri. Usimuambie mama." Ulifika mwezi wa tisa. Baada ya hapo simu ilizimwa.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, shimo likaanguka upande huohuo wa Lusangi. Habari ilifika Kasongo kesho yake, juu ya pikipiki, kama zinavyofika zote: wa kwanza alisema wamekufa watano, wa pili thelathini, wa tatu akasema hakuna aliyekufa, ni uongo wa wanunuzi ili bei ishuke.

Jumamosi simu ya Régina ikalia, namba asiyoijua.

"Mama fundi? Hapa PDG Muhindo."

PDG ndivyo wachimbaji wanavyomwita mwenye shimo. Alisema kompyuta ya karani wake imekufa, anataka Windows mpya, pikipiki atalipa yeye, kwenda na kurudi.

"Nikamuuliza, papa, ni kwenye shimo gani? Ile iliyoanguka? Akasema: 'Mama, wewe unaformata mashini ama unaformata shimo?'" Régina anatikisa kichwa. "Hapo nikajua ni yenyewe."

Alimwacha Cadette kwa jirani. Junior akampakia. Walivusha pikipiki kwa mtumbwi mara mbili, wakalala Kabambare, wakafika asubuhi matope yakiwa yamewafikia magotini.

Njiani Junior hakutania. Anakumbuka hivyo mwenyewe. "Alikuwa anashika kile kifuko cha kle kwa mikono miwili, pikipiki inaruka, hashiki chombo. Nikamuambia: yaya, shika chuma, utaanguka. Akasema: 'Kama Pitchou iko mule, ni mimi nitamufungulia mulango.'"

*

Kando ya shimo walikuwa wamekaa watu kama arobaini, wengi mama, juu ya majani ya migomba. Ilikuwa siku ya nne. Uchimbaji wa kuwatafuta watu ulikuwa umesimama, kwa sababu udongo ulikuwa bado unateleza na maji yalishajaa. Hapakuwa na kilio kikubwa. Palikuwa na ule mlio mdogo wa watu waliolia mpaka sauti ikakauka.

Karani wa shimo alikuwa Zuberi, kijana mzaliwa wa Nyangwe, amejifunika blanketi kwa homa. Ndiye aliyemweleza Régina kile ambacho PDG hakukisema.

Kila asubuhi, kabla watu hawajashuka, Zuberi aliandika majina yao kwenye kompyuta, maana mgawo wa mifuko ya mchanga wenye dhahabu ulitegemea orodha hiyo. Alhamisi ile aliandika kama kawaida. Kisha akasikia ardhi, "kama lori inamwaga mawe". Watu wakakimbia. Mtu akaikumba jenereta, ikazima. Kompyuta ile haikuwa na betri. Ilikufa palepale, na tangu hapo ikiwashwa iliandika kwa kizungu kwamba haioni mfumo wowote.

"Walikuwa kumi na ine, ama kumi na tano," Zuberi alisema. "Kichwa yangu iko na homa, mama. Siwezi kuapa."

Wachimbaji waliokuwa nje siku ile walitawanyika porini na kwenye mashimo mengine, wakiogopa kukamatwa. Kwa hiyo hakuna aliyejua nani yuko chini na nani amekimbia. Jibu lilikuwa sehemu moja tu, ndani ya kompyuta iliyokufa. Na mwenye kompyuta alikuwa amemwita fundi aje kuifuta.

PDG Muhindo hakujificha. Alisimama mbele yake, amevaa buti za mpira, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mashini ni yangu. Formata."

"Papa, nitaformata. Lakini kwanza naingia ndani, natoa vitu vya watu. Ni kawaida yangu."

"Sikukuita kwa kawaida yako. Hii orodha ikitoka, mimi nitazika wangapi? Nitajibu kwa nani? Nakupatia mara tatu. Formata, urudie kwa mutoto wako."

Kabla Régina hajajibu, mama mmoja akamshika mkono. Alikuwa ametoka kijiji cha wakulima karibu na Kabambare, ameletwa na mkwe wake kwa baiskeli. Wenzake walimwita kwa jina la mwanawe, Mama Zéphirin.

"Mutoto wangu," alisema, "acha ilale. Kama haujafungua, Zéphirin yangu iko Kalemie. Iko Kindu. Iko anatembea tu huko na ujinga yake. Ukifungua..."

Nyuma yake mzee akainuka: "Fungua! Nimechoka kulia mutu ambaye sijui kama amekufa!" Mwingine akamwambia anyamaze. Wakaanza kutupiana maneno, wale wa fungua na wale wa acha, wakati PDG akiangalia pembeni kama mtu aliyepata bahati.

"Na mimi nilikuwa upande wa Mama Zéphirin," Régina anakiri. "Ndani ya roho yangu, kabisa. Nilitaka kurudisha kle ndani ya kifuko. Hakuna mutu angenilaumu."

Akakaa juu ya jiwe, akachomeka kle.

*

Jaribio la kwanza halikufanikiwa. Kioo kilibaki cheusi, na kijistari kimoja cheupe kikipepesa pembeni. Akazima, akawasha, akabonyeza upya. Kijistari kilekile.

"Unaona?" alisema PDG. "Imeoza. Formata, mafuta ya jenereta imebaki chupa moja. Chupa moja inatosha kuformata, haitoshi kutembeza macho."

Régina alielewa kosa liko wapi. Kompyuta ya karani ilikuwa ya zamani mno, na yeye alikuwa ameitengeneza kle kwa namna ya mashini za kisasa. Ilikuwa lazima kuifuta kle yote na kuizalisha upya kwa njia ya kale, hapohapo, kwa kompyuta yake mwenyewe. Na kompyuta yake ilikuwa imebakiwa na asilimia thelathini na moja, na chaja yake ilikuwa ya paneli iliyobaki Kasongo. Kama ingezimika katikati, kle ingeharibika, na nyingine kama hiyo ilikuwa Kindu.

Alianza. Mstari wa kijani ukatambaa. Asilimia ishirini na tano. Ishirini. Jenereta, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaanza kukohoa, maana chupa ilikuwa inaisha.

Hapo Junior alifanya jambo ambalo hapendi kulisimulia. Alilaza pikipiki yake ubavu, akafungua tangi, akamimina mafuta yote kwenye sahani ya mama aliyekuwa akiuza chakula pale shimoni, akayapeleka kwenye jenereta.

"Na kurudi, tungerudi na nini?" anauliza leo, akijifanya amekasirika. "Na mikojo?"

Asilimia kumi na moja, mstari ukafika mwisho.

Safari hii kijistari kilipepesa mara tatu, kikatoweka, na kioo kikawa cha buluu. Mashini ilikuwa macho. Ilikuwa inaishi kwa pumzi ya kle. Diski yake ya zamani ikajitokeza pembeni, nzima, na kila kitu Zuberi alichowahi kuandika kilikuwamo. Régina aliipata faili yenye tarehe ya Alhamisi.

"Mukono ulikataa. Nilikuwa naiambia: bonyeza. Inakataa."

Zuberi, chini ya blanketi lake, ndiye aliyenyoosha kidole na kubonyeza.

Régina hakusoma. Alitafuta kwanza jina moja tu, akipitisha macho kutoka juu mpaka chini, upesi, kama mtu anayevuka daraja bovu. Pitchou hakuwamo. Akapitisha tena. Hakuwamo.

"Nilimushukuru Mungu sekunde mbili," anasema. "Kisha nikasoma vizuri."

Deux-Mètres. Kibiriti. Pasteur. Bila-Shati. Kilo-Moja. Mbio-Mbio. Wote kumi na wanne hivyohivyo. Hakuna jina hata moja ambalo mama anaweza kumpa mtoto wake.

*

Mtu asiyejua mashimo ataona ni uzembe wa karani. Si uzembe. Mchimbaji wa upande huu huacha jina lake la nyumbani katika kijiji cha mwisho kabla ya kufika shimoni, na kupokea jingine. Wengine wanasema ni kwa ajili ya madeni na askari. Lakini wenyewe, ukikaa nao, wanakuambia sababu ya kweli: ardhi ikilijua jina lako, siku moja itakuita. Kwa hiyo hawaulizani. Mtu anaweza kuchimba na mwenzake mwaka mzima, wakala sahani moja, asijue anaitwaje kwao.

Régina alisoma orodha kwa sauti. Watu arobaini walisikiliza, na hakuna aliyesikia mtu wake. Waliokuwa tayari kulia wakakosa wa kumlilia.

Mama Zéphirin akapiga makofi.

"Hayumo! Nilisema! Zéphirin wangu hayumo!" Akamkumbatia Régina, akamkumbatia hata Junior. Akaanza kufunga kitenge chake vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Hapo mama muuza chakula akaweka chini sufuria yake. Aliitwa Emmanuella, mwanamke mnene wa maneno machache, amepikia shimo lile tangu lilipofunguliwa.

"Fundi," alisema, "soma tena. Polepole. Moja-moja."

Emmanuella hakujua majina yao. Alijua matumbo yao. Na mtu mwenye njaa, anasema, akishashiba anaongea na mwenye sufuria mambo asiyoongea na mwenzake.

"Deux-Mètres," akasoma Régina.

"Huyo anakula fufu mbili na samaki moja. Baba yake iko muvuvi pale Nyangwe. Alisema akipata pesa atamununulia baba wavu."

Mzee mmoja akakaa chini.

"Kibiriti."

"Mudogo, mweusi, hapendi pilipili. Ameacha mwanamuke na mimba Kabambare. Mwanamuke ni fundi wa nguo."

Msichana aliyekuwa nyuma akafunika uso.

"Pasteur."

"Huyo alikuwa anaombea chakula mpaka kinapoa. Wenzake wanamucheka, yeye anaendelea tu. Iko na kovu hapa, juu ya jicho. Alisema alianguka juu ya mugazi, ule muti wa mawese, akiwa mudogo, na mama yake alimubeba mugongoni mpaka hospitali."

Mikono ya Mama Zéphirin ikabaki imeshika fundo la kitenge. Hakulia upesi. Aliuliza kwanza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: "Jicho la kushoto?"

"La kushoto, mama."

Hivyo ndivyo walivyokwenda, jina kwa jina, kwa muda ambao mafuta ya Junior yaliwapa. Régina aliandika upande wa pili wa kila jina la shimo jina la nyumbani. Kumi na tatu wakapata watu wao. Watu wao wakapata matanga.

Lilibaki la mwisho.

"Mugeni."

Emmanuella akatikisa kichwa. "Alikuja juma ileile. Alikula kwangu mara mbili."

"Alikuwa namna gani?"

"Si murefu, si mufupi. Kijana. Alilipa."

"Alikuwa anaongea lugha gani, mama? Hakusema ametokea wapi?"

"Alisema 'asante, mama'. Basi."

Régina aliuliza mara tatu, kwa njia tatu, maana Pitchou angeweza kuwa amehama shimo, na picha yake hakuwa nayo. Emmanuella alikuwa mkweli, hakuweza kumpa asichokuwa nacho.

*

Kwa mafuta yaliyosalia alimaliza kazi aliyoitiwa. Aliinakili orodha kwenye kle yake, akaifuta kompyuta ya karani, akaiwekea Windows mpya. PDG Muhindo alimlipa elfu kumi na tano, si mara tatu, na kumwambia: "Umeniletea matanga kumi na tatu." Baadaye alinunua mbao za misalaba, na vibao viwili visivyo na msalaba kwa ajili ya Waislamu. Shimo hajalifungua tena.

Mama Zéphirin ndiye aliyemsindikiza Régina mpaka kwenye pikipiki, ambayo wangeisukuma hadi kwa muuza petroli wa kwanza. Régina alitegemea laana.

"Nilikukataza, ukafungua," mama alimwambia. "Sasa niko na mahali pa kulilia. Wewe je, mutoto wangu? Mutu wako hukumupata?"

Ni hapo tu, anasema, alipolia.

Kwao Walungu alipiga simu, akaeleza yote, hata Mugeni. Mama yake akasema: "Mugeni si jina. Hatukai matanga ya mutu asiyekuwa na jina." Na kwa desturi ya kwao, kumlilia mtu ambaye huna hakika amekufa ni kumwua kwa mdomo wako. Kwa hiyo hawajalia. Wanasubiri. Kila Jumapili mama anapiga simu, wanaongea habari za mihogo na mvua, na hakuna anayelitaja jina.

Lakini Régina hakuweza kukaa hivyo. Tangu mwezi wa pili mwaka huu amekuwa akizunguka kwenye mashimo na kle zake tatu. Makarani wengi wana kompyuta zilizochoka, na mafundi hawafiki huko. Anawatengenezea kwa nusu ya bei, ila kwa sharti moja: awaandike yeye wachimbaji wote katika safu mbili. Ya kwanza, jina la shimo. Ya pili, jina la nyumbani na kijiji. Ile ya pili haibaki shimoni. Anaondoka nayo kwenye kle, na Kasongo anaacha nakala moja kwa padri na nakala moja kwa shehe.

Ma-PDG wawili walimfukuza. Mmoja alisema analeta kifo kwa kukiandikia mahali. Wachimbaji wenyewe walikuwa wagumu zaidi. Shimo la kwanza alikaa siku nzima mbele ya mashini iliyowaka, na hakuna aliyefungua mdomo.

"Nilisema: wandugu, mimi si askari. Mama yenu akikuja kuuliza, niambie nitamujibu nini? Nitamuambia Bila-Shati amekufa? Yeye hakuzaa Bila-Shati." Wakacheka, lakini jina hawakutoa.

Jioni mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi kifuani, akasogea. Akaangalia ardhi kama mtu asiyetaka kumwamsha mbwa aliyelala. Kisha akainama, akakinga mdomo kwa mkono, akamnong'oneza Régina jina lake sikioni, ili shimo lisisikie.

Kesho yake wakaja wanne. Sasa, katika mashimo matano, wamekwisha kunong'ona watu sitini na mmoja. Régina anaandika mwenyewe kwa vidole vyake, bila kutamka kitu. Kila kijana akiinama, anasema, yeye hufunga macho na kusubiri sauti anayoijua.

Bado hajaisikia.

Leo anakwenda shimo la sita, mbele ya Lusangi, na Junior anataka waondoke kabla jua halijakuwa kali. Anatamani siku moja kuwa na chumba chenye mlango, paneli kubwa, na wasichana sita wa kuwafundisha kazi hii, ili wazunguke mashimo yote ambayo yeye peke yake hawezi kuyafikia. Pesa za chumba hana. Kle anazo tatu.

Kuna jambo moja zaidi analolifanya huko, ambalo hakumwambia hata padri. Mchimbaji akishamaliza kunong'ona, Régina naye humsogelea sikioni, akamnong'oneza jina lake mwenyewe lote, na la baba yake, na la kijiji chao cha Walungu.

"Wao wanatembea kuliko mimi," anasema. "Wanahama, shimo kwa shimo, mupaka mahali pikipiki haifiki. Waende nalo. Kama Pitchou iko mahali, siku moja litafika kwa mutu anayelijua."